Mume Wangu Alipaka Grisi Kiti cha Mama, Sasa Anajificha Nyuma ya Mwiko

Mhariri, nakuomba ufiche jina langu na la mtaa wetu, maana nyumba za ghorofa hapa Homa Bay bado ni za kuhesabika na watu watanijua. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nina watoto wanne na mume mmoja anayejua kila kitu. Tunaishi na mama yake, ambaye miguu ililegea baada ya kupooza upande mmoja. Namwita mama bila kulazimishwa, kwa sababu amenipenda kuliko huyo aliyenioa.

Mtauliza kwa nini mgonjwa wa miguu analala ghorofani. Muulizeni mwanawe. Chini amejaza makochi ya wageni ambao hawaji. Ndugu yake aliye Uingereza alituonea huruma akatuma kiti cha umeme cha kupanda ngazi. Unakaa, unafunga mkanda, unabonyeza kitufe, kinakupeleka polepole juu ya reli. Siku ya kwanza mama alipanda na kushuka akicheka mpaka machozi yakamtoka. Ikawa kila asubuhi anashuka, anakaa barazani, anachambua omena na kuwachambua wapita njia. Alikuwa mtu tena.

Fundi aliyekifunga alitupa masharti machache nami nikiwa nimesimama pale pale. Swichi ya ukutani isizimwe, kwa sababu kiti kina betri zinazochajiwa kinapoegeshwa. Reli ifutwe kwa kitambaa kikavu, isipakwe grisi ya gari. Basi. Hata mtoto wa nasari angeyashika hayo. Bwana mkubwa ana duka la spea, kwa hiyo kwake kila kinachotembea ni lori. Kila akienda kulala alipitia ile swichi akaizima, eti stima isiungue bure. Betri zikachoka, kiti kikaanza kulia pii, pii. Badala ya kujiuliza kinalilia nini, alifungua kifuniko akakata waya wa kengele. Akaniambia kwa majivuno, "Si umeona? Imenyamaza. Imepona."

Nilipomwambia shida ni swichi alinicheka. "Wewe ulisomea cherehani. Wachana na mambo ya engine."

Kiti kikawa kinajikokota. Mhandisi wangu akaleta kopo la grisi, akaipaka reli yote kama anayepaka mkate siagi. Vumbi likaganda humo, na haikupita wiki kiti kikakwama katikati ya ngazi mama akiwa amekikalia. Mimi na binti yangu tulimsaidia kupanda ngazi zilizobaki kwa makalio, mwanamke mzima, mbele ya wajukuu. Tangu siku hiyo hajashuka.

Nimesugua reli kwa mafuta ya taa, nimeacha swichi ikiwaka na kuilinda kama kuku anayeatamia, wapi. Zinatakiwa betri mpya na mtu wa kufungua gia. Mtu huyo tunaye, mume wa wifi yangu, fundi wa friji na mota kule Migori. Nilimpigia simu, akasema ni kazi ya asubuhi moja. Mume wangu aliposikia, ghafla akawa mlinzi wa mila za Wajaluo. "Oro, mkwe wa kiume, apande mpaka kwa mlango ya chumba ya mama mkwe wake? Hiyo ni kwer, ni mwiko! Unataka kuleta balaa kwa hii boma?"

Nyani haoni kundule. Mwaka jana gari lake lilipoharibika kwetu, huyu huyu alilala ndani ya nyumba ya mama yangu mzazi, akala kuku wake, akakoroma hadi jua likachomoza. Mwiko siku hiyo ulikuwa wapi?

Mama alisikia kelele zetu, akamaliza kesi kwa maneno mawili. "Nyathina, mtoto wangu, tundika shuka yangu hapo kwa mlango. Ora, mkwe wangu, aone kiti, asinione. Kwer gani tena?" Mume wangu bado alikataa. Hapo nikaelewa kwamba tatizo ni grisi iliyobaki ndani ya gia. Anajua shemeji akifunua tu atauliza nani aliipaka, na Migori nzima itacheka.

Kisha dada ya mama akafariki kule Magunga. Vijana wa jirani walijitolea kumbeba mama mpaka kwenye gari. Aliwashukuru, akakataa. "Hii nyumba mtanitoa nikibebwa mara moja tu, na siku hiyo sitakuwa nawasikia." Mume wangu akaenda peke yake, akasimama mbele ya waombolezaji akasema mama yake hatambui watu tena. Hatukujua. Tulijua pale akina mama wa Magunga walipokuja wakilia kumuaga mgonjwa, wakapanda juu, wakamkuta ameketi anasikiliza redio na kutaka habari za mazishi. Wakamweleza walichoambiwa. Walipoondoka alinishika mkono. "Amenizika pamoja na dada yangu," akasema. Namdharau mume wangu tangu saa ile, na sioni haya kuandika hivyo.

Nilimwambia usoni kwamba namwita shemeji. Hata hakuinua macho kutoka kwenye gazeti. "Siku huyo anapanda hizo ngazi, wewe unashuka na nguo zako. Watoto wanabaki." Mama hajui kitisho hiki. Akijua, ataniambia niache, atakaa humo ndani mpaka afe kwa ajili ya ndoa yangu.

Wasomaji, nipeni shauri, ila msiniambie nivumilie, kwa sababu hilo nalifanya tayari. Nimwite fundi nipoteze watoto, au ninyamaze nimfungie mama huyu juu? Kila asubuhi nikimpelekea uji ananiuliza, "Ora amefika wapi?" Kesho nimjibu nini?