Maji ya Kisima cha Martha

Kwa miaka kumi na minane Naftali alikuwa akiosha matangi ya malori ya mafuta kwenye yadi moja pembezoni mwa mji wa Singida. Alisugua, akafungua koki, na maji machafu yakateremka korongoni nyuma ya ukuta. Yalikoishia hakuwahi kujiuliza.

Siku moja dada yake Martha, mkulima wa mchicha kule Unyambwa, alimwita. Alimpa kata ya maji aliyoyachota muda huo kisimani. Juu yake palielea utando wa rangi rangi.

"Nusa," alisema Martha. "Yananuka kama wewe ukitoka kazini."

Ilikuwa dizeli. Martha akamwambia wajukuu wameyanywa tangu Pasaka, na tumbo haliwaachi. Naftali aliondoka kwa miguu akifuata korongo lililopita karibu na kisima, akipanda nalo, mpaka likamfikisha kwenye ukuta wa yadi, chini ya koki yake mwenyewe. Akaketi mchangani.

Kesho yake alikataa kuifungua koki. Bosi alifoka, lakini aliposikia habari ya watoto akamwita Eliana, mtaalamu wa majitaka. Yakachimbwa mabwawa mawili yaliyosakafiwa. La kwanza lilikuwa la kuengulia mafuta yanayoelea. La pili, Eliana alieleza, lingekuwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula mafuta yaliyobaki vikipewa hewa na mbolea kidogo. Naftali alidhani anataniwa. Hata hivyo aliomba kazi ya kuvitunza.

Wiki tano bwawa lilinuka vilevile. Umeme ulipokatika siku mbili na pampu ya hewa ikazimika, aliyakoroga maji kwa ubao mpaka viganja vikachubuka.

Wiki ya nane alifika asubuhi, akainama, akanusa. Hakuamini. Akachota kwa mkono, akanusa tena. Eliana alipima, akasema si ya kunywa, ila mafuta karibu yote yameisha.

"Yamekwenda wapi?" aliuliza Naftali.

"Yameliwa."

Alibaki amesimama, mikono kichwani.

Watoto walipona, lakini kisima bado kimefunikwa kwa bati. Eliana anasema ardhi itachukua miaka kujisafisha. Kila asubuhi, kabla ya kazi, Naftali humpelekea dada yake madumu mawili ya maji ya bomba kwa baiskeli.