Mkaguzi wa Gesi na Mama Mkwe Wangu

Leo nimemficha mama mkwe, kumbe nimemficha kwenye chumba kile kile mkaguzi alichokuja kukiangalia.

Jana ejenti anayetupangisha nyumba alituma meseji: mkaguzi atapita nyumba zote za jengo letu hapa Blacktown, anaangalia mabomba ya gesi.

Mimi nikaona neno "mkaguzi" tu. Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi, mkaguzi ni mtu wa kuhesabu vichwa. Na mama yuko kwetu mwezi wa pili sasa, jina lake halimo kwenye mkataba wa nyumba.

Msinicheke. Nikamwingiza mama chumba cha kufulia na rozari yake.

Mkaguzi kafika, kasalimia vizuri, kaenda moja kwa moja kufungua mlango ule ule.

Mama amekaa juu ya ndoo. Wakatazamana.

"Samahani mama, naomba nione bomba lililo nyuma yako."

Basi. Hata jina hakumuuliza.

Bomba lilikuwa linavuja. Amelitengeneza hapo hapo, tuko salama, Mungu ashukuriwe.

Ila jamani, siku tatu mama analalamika harufu, mimi namwambia ni dagaa wake.

Nimeshamwomba msamaha. Anasema bado dagaa, nao niwaombe.