Baba Yao Hakukanyaga Sakafu, na Mimi Nilitia Saini

Msimamizi wa ukurasa, nifichie jina. Wengi waliomo humu ni watoto wangu kwa umri, na wengine nimewahi kuwafokea kazini. Nawaomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mjane, mtaalamu wa mazoezi ya tiba. Naongoza timu ndogo inayowafuata majumbani watu wazima na wazee waliopooza, waliovunjika nyonga au waliotoka hospitali bila nguvu za kusimama. Tunazunguka Kariakoo, Mnazi Mmoja hadi nyuma ya Posta, kwa miguu. Wagonjwa ni wengi kuliko sisi, kwa hiyo niliweka sheria: nyumba ikitembelewa mara tatu bila mgonjwa kufanya zoezi hata moja, faili linafungwa na nafasi anapewa mwingine. Vijana wangu walinung'unika kwamba bosi anapima hata pumzi. Sikujali. Niliamini kwamba kazi isiyo na utaratibu humdhulumu anayengoja.

Mwaka jana tulimpokea mzee mmoja, nitamwita Mzee Shomari, aliyepatwa na kiharusi akapooza upande wa kulia na kupoteza kauli. Familia yake inauza vitenge Kariakoo na inaishi ghorofani, juu ya duka. Ni watu wema mno. Nilimpeleka Upendo, binti hodari kuliko wote katika timu yangu. Siku ya kwanza alimketisha mzee ukingoni mwa kitanda, akamwambia ajaribu kusimama. Mzee alipoanza kutetemeka akijikaza, mwanawe mkubwa, Twaha, alimdaka.

"Dada, mbona unamtesa mzee wangu?"

"Simtesi, kaka. Mguu unajifunza upya."

"Ujifunze nini na umri huu? Mimi nipo, wadogo zangu wapo, wake zetu wapo. Sisi ndio miguu yake. Baba aburuzike sakafuni mimi natazama? Jirani akichungulia atasema nini?"

Upendo akajaribu utani. "Basi fanya wewe hilo zoezi, kaka, maana hicho kitambi nacho ni mgonjwa wetu."

Walicheka wote, wakamwandalia chai na vitumbua. Mzee hakusimama. Ziara ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu pia.

"Mama, naomba ziara ya nne," Upendo aliniambia. "Yule mzee anataka. Wakimlaza anapiga ubao wa kitanda kwa mkono wa kushoto mpaka naondoka."

"Kupiga ubao si zoezi. Fomu inauliza kama amesimama au hakusimama."

"Basi njoo wewe, Mama. Wewe ni mtu mzima, Twaha atakusikiliza. Mimi ananiona mdogo wake."

Nilimjibu kwamba sina muda wa kupanda ngazi za watu wasiotaka kusaidiwa. Fomu yetu ina sababu tatu tu za kufunga faili: amepata nafuu, amefariki, amekataa huduma. Niliweka alama kwenye ya tatu, nikatia saini. Mtu asiyeweza kutamka hata neno moja, nikaandika kwamba amekataa.

Baada ya miezi mitano mzee alifariki. Muuguzi wetu alikuwa ameitwa wiki ya mwisho kusafisha kidonda cha mgongoni, akakuta kimefika mfupani. "Mama, shuka zilikuwa safi kuliko za hospitali," alinieleza. "Chumba kinanukia udi, uji umechujwa vizuri. Na mgongo umeoza." Mwili usiogeuka wala kusimama huoza hata juu ya shuka safi. Familia haikulijua hilo. Sisi tulilijua.

Nilialikwa kwenye arobaini. Baada ya dua Twaha alinionyesha kwa wageni. "Huyu mama ndiye mkuu wa wale wataalamu. Mbele yake nasema, tangu baba alipougua, mguu wake haukukanyaga sakafu." Watu wakaitikia, "Mashallah!" Nami nikainamia sahani yangu, nikaendelea kula pilau.

Kisha nilipelekwa ndani kumpa pole mjane, Bi Mwanaidi, aliyemo edani. Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa ameteleza bafuni. Hospitali walisema mfupa ni mzima, atembee. Nilimkuta kitandani, mkwewe akimlisha kwa mkono, ilhali mikono yake yote miwili ni mizima. Mkwe alipokwenda kuchukua maji, bibi alinishika kanga.

"Mdogo wangu, waambie waniache niende chooni mwenyewe. Nikishuka wananirudisha. Nikisema sana wanalia, wanadhani nimewakasirikia."

Mlangoni nilimweleza Twaha kwamba mama yake anapaswa kutembea. Alitabasamu. "Hata kwa baba mlisema hivyo, kisha mkaona tunavyomhudumia, mkaridhika, mkaacha kuja. Mama naye tutamtunza vilevile."

Sikumsahihisha. Nilivaa viatu, nikaaga.

Tangu siku hiyo sina amani. Nikifungua faili jipya na kumpeleka Upendo, atanyweshwa chai na kurudishwa. Kinachoweza kumzindua Twaha ni kuambiwa wazi kilichomuua baba yake. Lakini kijana huyo alimbeba mzazi wake miezi yote ile kwa mapenzi. Nitamwambiaje kwamba kule kubeba ndiko kulikomuua? Na akiniuliza kwa nini tuliacha kuja, nitamjibu nini? Huenda akatufungia mlango, na bibi akabaki palepale. Upendo amekataa kunitangulia. Amesema, "Ngazi hizi ni zako, Mama."

Bi Mwanaidi bado yuko kitandani kwake, na ngozi ya mtu wa umri wake haistahimili muda mrefu. Ninyi mliouguza wazazi wenu mpaka mwisho, mngetaka kuambiwa? Nipeni shauri kabla ya Jumatatu, maana siku hiyo nitapanda. Nimwambie Twaha lipi kwanza, kosa lake au langu?