Marlys Hruska, aliyeisema ajali ambayo haikutokea

Saa moja asubuhi, baridi ya Nebraska, Marekani, inauma masikio. Marlys Hruska amesimama kwenye ngazi ya behewa la mwisho, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine umeshika redio. Dereva yuko mbele kabisa, mbali, hamwoni.

Marlys anataja jina lake, anataja njia ya reli, ndipo anaamuru treni irudi nyuma. Dereva anayarudia maneno yote. Mabehewa ya mahindi yanaanza kusogea taratibu.

Mama huyu wa miaka hamsini na minne amekuwa kondakta, yaani kiongozi wa kikosi, kwenye treni za mizigo tangu ujana wake. Kutaja jina kabla ya amri ni jambo dogo, lakini katika yadi hii ya kupangia mabehewa halikuwapo mpaka yeye na wenzake wawili walipofungua midomo.

Ilikuwa mchana, majira ya baridi mwaka juzi. Curtis Tafoya, mwenzake wa miaka mingi, alikuwa ameinama katikati ya mabehewa mawili akiunganisha mipira ya hewa ya breki. Treni yao ilikuwa imesimama.

Kwenye njia ya jirani kulikuwa na kikosi kingine, nacho kilitumia masafa yale yale ya redio. Mtu wa kikosi hicho akamwambia dereva wake kwamba ameshatoka katikati ya mabehewa, arudi nyuma. Dereva wa akina Marlys akadhani ni Curtis anayesema.

"Niliona gurudumu linazunguka," anasimulia Marlys. "Nikapiga kelele kwenye redio, simama, simama. Nilipofika nikamkuta Curtis amelala kwenye kokoto, ana glavu moja. Ya pili imebanwa kati ya mabehewa."

Curtis hakuchubuka hata kidole. Dereva wao ameomba tusimtaje jina.

Desturi ya yadi ilijulikana: kama hakuna aliyeumia, hakuna kilichotokea. Mwaka uliotangulia, mfanyakazi aliyemweleza msimamizi kosa lake mwenyewe alisimamishwa mwezi mzima bila mshahara. Na dereva huyu mkewe alikuwa mgonjwa wa figo, bima ya matibabu ikitegemea kazi yake.

Curtis mwenyewe ndiye aliyetaka wanyamaze. Alisema aliyeponea chupuchupu ni yeye, hivyo mwenye haki ya kulalamika ni yeye, naye halalamiki.

"Leo umeinama wewe, Curtis," Marlys akamjibu. "Kesho atainama mwingine hapo hapo. Mkewe nitamwambia nini, kwamba tulijua?"

Njia ya kusema bila kuumbuka ilikuwapo. Kampuni, chama cha wafanyakazi na serikali walikuwa wamekubaliana kwamba taarifa za ajali zilizokaribia kutokea zipelekwe ofisi iliyo nje ya kampuni, inayofuta majina kabla mtu yeyote wa kampuni hajazisoma. Anayewahi kusema kosa la aina hii haadhibiwi. Kwenye chumba cha mapumziko, wengi waliuita mtego.

Marlys alipopiga simu kwenye ofisi hiyo, aliambiwa kwamba kinga ni ya yule anayesema. Hawezi kumsemea dereva. Ikabidi mzee huyo aamue mwenyewe. Akaenda nyumbani, akamweleza mkewe kila kitu.

"Akaniambia, 'Baba, nikipata dawa kwa sababu ulinyamaza, halafu Curtis afe, dawa hiyo haitapita kooni,'" anakumbuka dereva. Asubuhi akapiga simu. Curtis naye akafuata, akinung'unika.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kejeli, kwani Marlys hakuficha kwamba alipiga simu. Marlys akiingia kula, mfanyakazi mmoja alikuwa akisema, "Chungeni ndimi, jamani, masikio ya wakubwa yamefika."

Yeye alikuwa akikaa na kufungua mkate wake uliojazwa nyama na kabeji. "Ningekuwa nachongea watu, bwana, wewe ungeshafukuzwa zamani kwa uvivu," alimwambia siku moja, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Kamati ya wafanyakazi, wakubwa na mkaguzi wa serikali ilipokutana, ikagundua kwamba hawakuwa peke yao. Vikosi vingine navyo vilikuwa vimeripoti sauti kuingiliana. Kila kikosi kikapewa masafa yake, na jina likawa lazima kabla ya amri yoyote. Hakuna hata mmoja wa wale watatu aliyeguswa.

Yule wa kejeli naye baadaye alipiga simu, kuhusu kigeuza njia cha reli kisichojifunga sawasawa. Kikatengenezwa.

"Watu hawakunipenda ghafla," anasema Marlys. "Ila waliona dereva bado yuko kazini. Hilo lilishinda hotuba."

Sasa macho yake yako kwenye kampuni ndogo ya jirani inayobeba nafaka kutoka maghalani. Wafanyakazi wake hawamo katika mpango huo, na Kendra, binti wa dada yake, ameajiriwa huko juzijuzi. Marlys ameshazungumza nao mara mbili katika ukumbi wa chama, na amepata ahadi ya kukutana na mwenye kampuni mwezi ujao.

Anakaribia kustaafu, na anajua anachokitaka kabla ya hapo.

"Sijawahi kwenda kumzika mtu wa kikosi changu," anasema. "Nataka Kendra naye azeeke akisema hivyo."