Mvua Haina Namba ya Jeshi

Nyumba yetu ya Chapwa, hapa Tunduma, ina mawe yaliyopakwa chokaa. Yamepangwa mistari miwili kutoka barabarani hadi mlangoni, na katikati yake kuna njia inayofagiliwa kila asubuhi hata kama hakuna aliyepita. Madereva wa malori wanaosubiri zamu ya kuvuka mpaka huyaona wakadhani hapo ni ofisi ya serikali. Siku moja dereva wa Kizambia aliingia na makaratasi yake kwapani, akamsalimu baba kwa Kibemba, "mulishani, batata," akaomba agongewe muhuri. Baba hakumwambia kuwa amekosea njia. Alimkaribisha chai, akayapitia makaratasi moja baada ya jingine, akamwambia yako sawa ila viatu vyake ni aibu. Nadhani yule bwana mpaka leo anaamini alikaguliwa na mkubwa fulani wa mpakani.

Mawe hayo yametokana na gereza. Baba alikuwa askari, na sehemu kubwa ya utumishi wake alilinda gereza la jeshi, yaani lile la kuwafunga askari wenyewe wanapokosea. Lilikuwa ndani ya kambi moja mbali na huku kwetu, na jina la kambi hajawahi kututajia. Anasema ni siri, ingawa gereza lenyewe lilishafungwa na kwa habari alizozipata sasa ni karakana ya magari. Ukiacha jina, mengine yote ametusimulia mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kukuchorea ramani.

Gereza lile, anasema, lilianza kama stoo ya mahema. Mahema yakaliwa na panya, kamanda wa wakati huo akajikuta ana jengo lenye kuta nene lisilo na kazi, na ana askari watundu wasio na pa kuwekwa. Madirisha yakapandishwa juu, mlango ukawekwa komeo, kazi ikaanza. Mfungwa wa kwanza alikuwa mtunza stoo, kwa kosa la panya. Hapo baba husimama kidogo atupe nafasi ya kucheka, na sisi hucheka, maana tumelelewa vizuri.

Kisha hufuata sheria. Mfungwa hatembei, anakimbia, hata anapokwenda chooni. Mawe ya uwanjani hupakwa chokaa kabla ya chokaa ya zamani kuchakaa. Blanketi hukunjwa mpaka liwe tofali, mkunjo ukiangalia mlango, na juu yake hukaa kikombe cha bati, mkono wake ukielekea kuume. Nyuma kulikuwa na bustani ya kabichi ambazo wafungwa walizilima na maofisa wakazila. Lakini baba hapendi ulione gereza lake kama mahali pa mateso. Askari aliingia na cheo chake na akatoka kurudi kikosini kwake. "Hatukufunga watu," husema, "tulinyoosha askari."

Alipostaafu alitunyoosha sisi. Tulikunja mablanketi tofali kabla ya kwenda shule, na kuchelewa nyumbani kulikuwa kosa la kujieleza mlangoni, miguu imebana. Ukisema umecheleweshwa na mvua, na Tunduma mvua ikiamua kunyesha inanyesha, baba alikuwa na jibu moja tu tangu tukiwa wadogo: mvua haina namba ya jeshi. Maana yake ni kwamba mvua haiwezi kushtakiwa, kwa hiyo utashtakiwa wewe. Tuliizoea kauli hiyo mpaka ikawa utani wa nyumbani. Mama peke yake ndiye aliyekataa kunyooshwa. Aliambiwa akunje blanketi wiki ya kwanza ya ndoa, akajibu kwamba yeye aliolewa, hakujiandikisha jeshi, na upande wake wa kitanda umevurugika mpaka leo kwa amani kabisa.

Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba duniani pote ni nyumba yetu tu inayoishi hivyo. Kisha nikampenda bwana shamba wa Ndalambo.

Tulikutana barabara ya Chitete, pikipiki yake imezama kwenye tope na basi letu limezama nyuma yake. Kazi yangu ni kwenye ofisi ya uwakala wa forodha pale mjini, na siku hiyo nilikuwa nimevaa viatu vya ofisini, lakini nilishuka nikasukuma pamoja na abiria wengine. Yeye alinicheka viatu, mimi nikamcheka pikipiki. Baada ya muda si mrefu mshenga wao alikuja kwetu, akasema yaliyomleta, akajibiwa vizuri. Ikabaki wazazi wenyewe waonane. Kabla ya siku hiyo mchumba wangu akanichukua tukawasalimie wazee wake milimani Ileje.

Ni watu wa kahawa na maharage, wakarimu kupita kiasi. Mama yake alinikumbatia na jembe mkononi. Nilimpigia baba yake magoti nikamwamkia, akaitikia huku akinitazama kwa jicho la kupima, kisha akacheka na kuniambia nijisikie nyumbani. Nilijisikia nyumbani kweli, na zaidi ya nilivyotarajia, kwa sababu nilipooneshwa chumba cha wageni nilikuta blanketi kitandani limekunjwa tofali. Mkunjo uliangalia mlango. Juu yake kulikuwa na kikombe cha bati, mkono kuume.

Jioni, tukiwa tunaota moto, niliuliza nani kamfundisha mama kukunja vile. Familia nzima ikaguna. Mama mkwe akasema sasa nimemchokoza mzee, atanieleza gereza mpaka moto uzimike.

Mzee alieleza. Enzi za ujana wake naye alikuwa askari. Alipewa likizo aje kumuona mtoto wake wa kwanza, huyu huyu mchumba wangu, akiwa na siku chache za kuzaliwa. Akiwa nyumbani mvua ikanyesha ya kuvunja madaraja. Barabara ikakatika, mito ikajaa, akakaa kando ya maji akisubiri yapungue, na aliporudi kikosini alikuwa amehesabiwa mtoro. Kamanda akampeleka gerezani. Hilo mzee hakulilalamikia sana, sheria ni sheria. Kilichomkaa moyoni ni mlango wa gereza. Kila aliyeingia aliulizwa maelezo yake na koplo wa zamu, na yeye akaeleza yote, mto kwa mto, na mtoto wake akamtaja. Koplo akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwamba mvua haina namba ya jeshi, akafunga komeo.

Watoto walicheka, maana walishaisikia hadithi hiyo. Mzee naye alicheka, ila kwa mdomo tu. "Yule koplo alinifanya muongo siku zile nilizopata mtoto," akasema. "Nikikutana naye leo sitampa mkono."

Koplo huyo nilimjua. Siku ya wazazi kuonana ilikuwa wiki inayofuata, na mzee huyu hakuwa na habari kwamba alikuwa anajiandaa kwenda kukaa sebuleni kwa yule koplo.

Tulipokuwa tunarudi nilimwambia mchumba wangu, nikipiga kelele mgongoni kwake kwenye pikipiki. Alicheka mpaka ikabidi asimame kando ya barabara. Kisha akavua kofia ngumu, akasema baba yake hajawahi kutania juu ya mkono. Kwao asiyekupa mkono hawezi kupokea binti kwako. Tulikaa pale kwenye nyasi tukitazama ng'ombe wa watu wakipita, na kwa mara ya kwanza niliogopa kweli kwamba ningemkosa. Nilimpenda mno, na sikuona aibu kumwambia.

Nyumbani nilimweleza mama. Mama alisonga ugali wake mpaka ukaiva ndipo akajibu. Akasema nisimwambie baba kitu, kwa sababu akiambiwa mapema atajiandaa, na baba akijiandaa huwa hafai. "Waache waonane uso kwa uso," akasema. "Wakipigana, sisi tutakula pilau."

Siku ikafika. Wageni walitarajiwa saa nne. Baba alikuwa tayari tangu alfajiri, suti imenyooka, mawe yamepakwa chokaa mpya. Na mvua ikaanza. Haikuwa mvua ya kuona haya. Ilishuka mpaka hatukuyaona malori barabarani. Siku hizi Ileje kuna lami, lakini kijiji chao kiko juu, na kati ya kijiji na lami kuna udongo mwekundu usiojali kama una harusi. Simu ya mchumba wangu haikupatikana. Saa sita ikapita, pilau likafunikwa, saa nane ikapita, pilau likafunuliwa kuangaliwa na kufunikwa tena.

Baba mdogo, ambaye njaa humfanya mkali, akaanza kusema kwamba hiyo ni dharau. Akapendekeza wakifika wapigwe faini na kurudishwa waje siku nyingine wakiwa wamejipanga. Shangazi akaunga mkono. Wote wakamgeukia baba. Baba alisimama mlangoni akiitazama mvua, mikono nyuma, na nilimuona akivuta pumzi ya ile kauli yake.

"Mvua," akaanza.

"Baba," nikamkata, jambo ambalo nyumbani kwetu halifanywi. "Mzee anayekuja leo ni yule wa mvua ya Ileje. Yule wa mito."

Mama akaacha kufuta sahani. Nilidhani baba ataniuliza mzee yupi, maana mlangoni kwake walipita wengi. Hakuuliza. Alijibu akiitazama mvua.

"Mtoto wake alikuwa na siku chache," akasema. "Nilijua anasema kweli. Mtu akidanganya kwa mvua, uongo wake huwa mfupi. Yule alinitajia mito yote kwa majina."

Nikamuuliza kwa nini basi alimjibu vile. Akasema kamanda alikuwa amesimama nyuma yake, na yeye alikuwa koplo mpya, na kauli ile ilimtoka ili kamanda acheke. Kamanda alicheka kweli. Baada ya hapo kila mtu kambini aliirudia, naye akaizoea, akaja nayo hadi nyumbani. Alieleza hayo kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia mimi.

Kisha akavaa mabuti ya mvua juu ya suruali ya suti, akatoka. Mama alimwita achukue mwavuli. Hakurudi. Akaenda kusimama mwanzo wa njia, kati ya mawe yake meupe, mvua ikimnyeshea, na baba mdogo akasema sasa kaka amechanganyikiwa. Mama akamwambia anyamaze na akampa kipande cha kuku.

Noah ya wageni ilifika imepakwa tope hadi kwenye vioo. Mchumba wangu alitangulia kushuka, suruali imekunjwa magotini, akanitafuta kwa macho. Nyuma yake akashuka baba yake, ameshika viatu mkononi. Akainua uso. Nilikuwa kibarazani, mbali kidogo, lakini niliona kabisa pale alipomtambua baba, kwa sababu viatu vilimdondoka.

Hakurudi kwenye gari. Hakunyoosha mkono pia. Alitembea peku hadi kati ya yale mawe, akasimama mbele ya baba, akabana visigino vyake vyenye tope na kunyoosha mikono ubavuni, na mgongo wake wa mkulima ukawa wima ghafla.

"Afande," akasema. "Tumechelewa. Mvua imekata njia." Haikuwa sauti ya utani. Aliyasema akimtazama baba usoni, na mimi nilishika nguzo ya kibaraza.

Baba naye alikuwa amebana miguu. Maji yalimtiririka puani na hakuyafuta.

"Maelezo yako yamepokelewa," akasema. "Mguu pande."

Mzee hakulegea. Wageni wote walikuwa wameshuka, wamejikunyata kwenye mlango wa gari, hakuna aliyethubutu kupita.

"Yamepokelewa kwa kuchelewa sana, afande," akasema.

Baba akatazama chini kwenye mawe yake, kisha akamtazama.

"Ni mvua, ndugu yangu," akasema.

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha kweli safari hii, mpaka akajishika magoti. Alipomaliza akaupangusa mkono wake kwenye suruali, pande zote mbili, akautoa.