Dakika Tatu za Kituo cha Otakiri

Katika mji wetu wa Otakiri, achari ya figili nyekundu hutengenezwa na watu wawili: mmoja hupanga figili ndani ya pipa, mwingine hunyunyiza chumvi. Bibi Tokue alifanya yote mawili peke yake kwa miaka kumi na minne. Majirani walipojitolea kumsaidia, aliwakatalia.

"Chumvi ya nyumba hii ina mwenyewe," aliniambia mimi mpangaji wake.

Mwenyewe alikuwa Hanae, mdogo wake. Mama yao alipofariki, Hanae alirudi kazini jijini siku ya kumi, kabla siku arobaini na tisa za matanga hazijatimia. Tokue alimfuata hadi mlangoni. "Ukienda, usikanyage hapa tena," alimwambia. Hanae akalishika neno hilo. Kila mwaka, majani ya milimani yakishakuwa mekundu, alipita kwa treni akienda kwa wakweze, pwani ya kaskazini. Treni ilisimama kwetu dakika tatu, na hakushuka hata mara moja.

Mwaka huu Tokue aliniomba nimsindikize kituoni.

"Unampelekea nini, mama?"

"Simpelekei kitu. Naenda kuangalia treni. Ni kosa?"

"Na hiyo rangi ya mdomo?"

"Nyamaza wewe. Upepo unachoma midomo."

Mkuu wa kituo, Bwana Kuzuhara, alicheka alipomwona. "Dada Tokue! Unasafiri, au umekuja kuhakikisha reli hazijaibiwa?"

"Nimekuja kuhakikisha hujafukuzwa kazi."

Treni ikatokeza ndani ya ukungu, mabehewa mawili tu, majani mekundu yaliyolowa mvua yamegandamana na madirisha yake. Hanae alikuwa amesimama nyuma ya kioo cha mlango, kichwa chote mvi. Wakati wa baridi milango haifunguki yenyewe, ili joto lisipotee. Mtu hubonyeza kitufe, awe ndani au nje. Hanae alikitazama kitufe, kisha akamtazama dada yake. Hakukigusa. Tokue naye alisimama mikono nyuma. Dakika nzima ikapita hivyo, wakitenganishwa na kioo.

"Bonyeza, mama," nilimnong'oneza.

"Abiria ni yeye."

"Lakini aliyemfungia ni wewe."

Tokue akanikazia macho. Halafu akabonyeza, na joto la behewa likatupiga usoni.

"Umenenepa," alisema.

"Na wewe umekonda. Unakula kweli?"

"Nakula. Shuka, Hanae. Yale maneno nilikosea kuyasema. Nyumba ni yako pia."

Hanae alishusha mguu mmoja, kiatu chake kikagusa jukwaa, akabaki hivyo, nusu ndani, nusu nje. "Kesho ni kumbukumbu ya marehemu mume wangu, dada. Wananisubiri. Jumatano nitarudi kwa njia hii hii. Nishuke?"

"Usiposhuka nitapanda nikutoe kwa nywele."

Hanae akacheka huku machozi yakimtoka. Filimbi ikalia, akaurudisha mguu, mlango ukajifunga. Treni iliingia kwenye handaki la mlimani, mlio wake ukafifia, na Tokue bado alikuwa amelikazia macho handaki lile.

"Leo siku gani?" aliniuliza.

"Ijumaa."

Akahesabu kwa vidole, polepole. Alipofika Jumatano, akaanza upya.