Marahaba ya Mwalimu Dorkas

Hebu mwone akishuka kwenye basi pale Ulemo, Januari 2008, shule zimeshafunguliwa siku tatu: mama wa makamo, kitenge amekizungusha shingoni japo jua ni kali, mkononi ana simu ya Kichina, zile zenye spika kubwa ambazo zikiita, mtaa mzima unapokea. Watu wanamsalimu, naye anaitikia kwa kichwa tu.

Huyo ni Mwalimu Dorkas wa darasa la kwanza. Wakati wa likizo alipasuliwa tezi ya shingo, na daktari alishamwambia kabla: sauti inaweza kupotea, na ikipotea huenda ichukue miezi, au isirudi. Ndiyo maana, kabla ya kwenda kulazwa, alijifungia chumbani wiki nzima akajirekodi kwenye simu ile. Irabu, silabi, nyimbo za kuhesabu, hata hadithi ya fisi. Muhula mzima ulikuwa mle ndani.

Mwalimu mkuu, Antipasi, hakuwa mtu mbaya, ila mkaguzi alimnyima usingizi. Alimweleza Dorkas kwa upole kwamba simu shuleni zimekatazwa, na watoto sabini na wawili hawafundishwi kwa ishara. Akae stoo, agawe vitabu, apumzike. Dorkas aliijua stoo hiyo. Ukiingia, hutoki mpaka ustaafu. Akaandika kwenye karatasi: "Nipe wiki moja."

Jumatatu akaingia darasani. Watoto wakasimama kwa pamoja.

"Shikamoo mwalimuuu."

Akabonyeza simu. Sauti yake ikatoka, ile ile tamu: "Haya wanangu, leo tunaanza na ba."

Hakuna aliyekaa. Wakatazamana, kisha wakaamkia upya, safari hii wameielekea simu. Simu ikajibu: "Be."

Hapo jasho likamtoka Dorkas. Alirekodi kila kitu akasahau marahaba. Na mtoto wa Kinyiramba aliyelelewa akaleleka hakai mkubwa hajamwitikia, hata umwonyeshe dawati kwa mikono miwili. Wala huwezi kumwambia mwenzao aitikie. Mtoto kujibu marahaba ni kujitafutia fimbo.

Eliana, binti wa dawati la mbele, akanong'ona, "Mwalimu, simu yako imetununia?"

Antipasi alikuwa dirishani, amekuja kujionea mambo yatakavyoharibika. Macho ya watoto wote yakamgeukia. Sasa mtu mzima afanyeje?

"Marahaba, wanangu. Kaeni."

Wakakaa. Simu ikasema ba, Dorkas akaonyesha ubaoni, watoto wakaitika mpaka mabati yakatetema.

Kesho yake Antipasi akapita tena, akasema yuko njiani kwenda bustanini. Keshokutwa vilevile. Bustani yenyewe ilikuwa upande wa pili wa shule.

Ijumaa Dorkas akazima simu. Akaandika neno moja ubaoni, akamwita Eliana. Binti akalitazama, akalivuta kidogokidogo: "Ba... ba. Baba." Akamgeukia mwalimu wake kuuliza kwa macho. Dorkas akamkumbatia.

Antipasi aliyaona hayo, akarudi ofisini taratibu. Mezani palikuwa na fomu ya wilaya inayotakiwa kuondoka na basi la mchana. Swali la tatu linauliza kama mwalimu huyu anaweza kuendelea na darasa lake, na nafasi ya jibu ni neno moja tu. Daktari hajaahidi kitu, mkaguzi anakuja mwezi ujao, na huko darasani wanasoma.

Ungekuwa wewe umekaa kwenye kiti kile, ungeandika nini?